Kodi ya Chumba na Uhai wa Mwanafunzi

Septemba 2020 moto uliua watoto 10 bwenini Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani mwetu. Mwaka 1994 ulikuwa umeua wasichana zaidi ya 40 huko Shauritanga, Rombo. Hayo yalitukia chini ya uangalizi wa shule. Je, itakuwaje katika vyumba vya kupanga vya Bukoba na Muleba, ambamo wanafunzi huishi peke yao, hupika na kusoma kwa mshumaa nyuma ya nondo za dirisha?

Apokeaye kodi amepokea pia dhamana ya uhai. Mwenye nyumba aweke nondo zinazofunguka kwa ndani, na ndoo ya mchanga. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wawatembelee vijana hao, wawafundishe kutoka kwanza, kisha kupiga 114. Haki hutangulia rambirambi.