Twajikatia Wenyewe

Bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lapita Maungu, reli yapita Voi. Kinachotua kwetu ni bei tu. Soma ujumbe wa tokeni: umeme wenyewe, gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya dola, ushuru wa umeme vijijini, kisha VAT ya asilimia 16, ambayo hutozwa hata juu ya hayo mafuta na hiyo dola. Mwaka 2023 Bunge likapandisha VAT ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16. Juni 2024 vijana wakasema basi, Mswada wa Fedha wa mwaka huo ukatupwa. Ile 16 ikabaki.

Zamani fundi alipanda mlingoti kukata stima, na jirani wote waliona. Siku hizi, Sofia au Kaloleni, tokeni ikiisha twajikatia wenyewe, kimyakimya. Giza hilo halina barua wala deni, ndiyo maana haliwasumbui wakubwa.

Sidai stima ya bure. Nadai mbunge akija kuomba kura 2027 aulizwe kwanza: ile VAT uliipigia kura gani?