Nondo wa Nyumbani: Tazameni Punje Kwanza

Mara nyingi nondo mdogo mwenye rangi ya majani makavu huonekana ukutani karibu na taa, na papo hapo watu wa nyumba huanza kukung'uta nguo na kuzianika juani. Kazi hiyo si mbaya. Lakini ikiwa adui yumo ghalani, nguo zitapona na chakula kitaangamia. Rai yetu ni hii: nondo asihukumiwe kwa rangi yake, bali kwa kitu alichokiharibu.

Nondo wa nguo na nondo wa nafaka hufanana sana. Mwenye macho makali aweza kuona kuwa bawa la nyuma la nondo wa nafaka limechongoka nchani kama kidole, nalo lina pindo la nywele ndefu. Na kwamba nondo wa nguo ana kishungi kichwani, tena hupenda giza, hali mwenziwe hufuata taa. Lakini mdudu mwenyewe ana urefu wa milimita 5 hadi 7 tu. Ni wangapi watakaoziona alama hizo usiku?

Punje haidanganyi. Nondo wa nafaka hutaga mayai juu ya mahindi, mtama, ngano au mpunga, pengine shambani kabla ya mavuno. Kiwavi wake huingia ndani ya punje moja, akaila na kukua humo asionekane. Penye joto, baada ya majuma kama 5, nondo hutoka kwa tundu la mviringo. Haachi utando. Mkiona utando umeshikamanisha unga, karanga au mchele, huyo ni nondo wa jamaa nyingine, ambaye kiwavi wake hutembea nje ya punje.

Wako wasemao, "Nondo ni nondo, mpige, yaishe." Hatukubali. Nondo mzima hali nafaka. Mharibifu ni kiwavi, na dawa ya mmoja haimfai mwingine. Mwenye utando hupunguzwa kwa kuchekecha na kufagia unga wa zamani pembeni. Aliyemo ndani ya punje hatoki kwa kuchekechwa. Mwaka 1760 wataalamu wawili wa Ufaransa, Duhamel du Monceau na Tillet, walipotumwa jimbo la Angoumois kwa sababu ya nondo huyuhuyu, waliyachunguza maisha yake ndani ya punje.

Basi, kabla ya kuanika nguo, choteni konzi ya nafaka, mkaitie majini: punje zilizoliwa huelea. Zikiwa nyingi, tengeni nafaka nzima, ikausheni sana, mkaiweke katika chombo kisichopitisha hewa, wala msiichanganye na ya mwaka uliopita. Mbegu ichunguzwe kwanza, kwani punje iliyoliwa kiini haioti, na shamba la mwaka ujao limo katika punje hizo.