Hakuna Injini Isiyokufa

Kaa kijiwe chochote, iwe Ubungo au Kijenge, na watu watatu wanaotafuta gari la dizeli la zamani. Soda haijaisha utasikia herufi na tarakimu za injini zikitajwa kwa heshima wanayopewa majemedari: 1HZ, 1KZ, 1HD-T. Mmoja ataapa kwamba Land Cruiser yenye 1HZ haifi. Wa pili atakuonya usiguse Prado yenye 1KZ kwa sababu hedi yake lazima ipasuke. Wa tatu ataitetea Surf yake mpaka mate yamkauke. Ubishi utafika magharibi, na hakuna hata mmoja atakayeuliza swali ambalo lingemwokoa mnunuzi: gari lile pale, lililoegeshwa chini ya mwembe likisubiri mteja, limeishije?

Naisema wazi. Imani kwamba kazi ya mnunuzi wa dizeli la zamani ni kuchagua modeli, na ukishapata modeli umepata gari, ni imani ya uongo, na inafilisi watu. Nimeona walimu, manesi na wakulima wa vitunguu wakikopa SACCOS au kuuza kiwanja ili wanunue jina. Jina halipandi mlima Kitonga.

Sifa za magari haya zina asili yake. Mwaka 1992 Japani ilipitisha sheria ya moshi wa magari, ikaikaza mwaka 2001, na katika miji mikubwa kama Tokyo na Osaka mwenye dizeli la zamani lisilofikia viwango akawa hawezi tena kulisajili. Magari mazima yakauzwa kwa sababu sheria imeyafukuza, wala si kwa sababu yamechoka. Mengi yalikuwa yamebadilishwa oili kwa ratiba tangu siku ya kwanza na hayajui vumbi ni nini. Ndiyo yaliyoteremka bandarini Dar es Salaam na Mombasa. Kaka zetu wakayaendesha miaka kumi bila kugusa injini, wakatangaza kwamba hayafi. Walisema kweli kuhusu gari walilokuwa nalo, ila gari lile lilikuwa kijana. Leo unauziwa lile lile, limeongezewa miaka ishirini ya barabara zetu, na unasimuliwa habari za ujana wake.

Usidhani utalikwepa hilo kwa kuagiza jingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 imefunga mlango kwa yaliyofikisha miaka 15. Hapa Tanzania unaweza kuagiza, lakini gari likizidi miaka 8 kodi ya uchakavu inakusubiri. Ndiyo maana wengi wetu tunanunua yaliyokwisha kuwa humu ndani, yaliyopita mikononi mwa watu watatu, wanne. Historia ya gari unalolitazama imeandikwa zaidi Makambako na Kahama kuliko ilivyoandikwa Yokohama.

Na humu ndani yametendewa nini? Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi neno "kuchakachua" lilivyoenea nchi nzima. Mafuta ya taa yalichanganywa kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi, hadi mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta mwaka 2010 na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Mtu wa petroli anaweza asielewe uzito wa jambo hilo. Pampu ya dizeli za aina hii haina oili yake ya kulainisha vyuma vya ndani. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Mafuta ya taa ni makavu. Kila tangi lililochakachuliwa lilisaga pampu na nozeli kidogo, na msago huo haufutiki. Gari lililokunywa mafuta hayo miaka mitatu na lile lililojazwa kituo kimoja cha kuaminika yana herufi zile zile kwenye injini. Kijiweni yanaitwa gari moja.

Tuje kwenye hizo hedi za 1KZ, maana ndipo ubishi unapochemka. Ni kweli 1KZ-TE ya lita 3.0 ina hedi ya aluminiamu, na ni kweli nyingi zimepasuka. Lakini aluminiamu haipasuki kwa kuwa ni Jumanne. Inapasuka injini ikichemka, na injini inachemka rejeta ikiziba, feni ikichoka, au mtu akiondoa thamostati kwa ushauri wa fundi wa njiani na kujaza maji ya bomba miaka mitano badala ya kulanti. Kutu inajikusanya kwenye vijia vya rejeta hadi maji hayapiti. Halafu siku moja, mlima, mzigo, jua la saa nane. Aliyetunza mfumo wa kupoza ana 1KZ nzima hadi leo. Ukimwambia gari lake ni bovu kwa sababu ya jina, unamwonea. Ukimwambia jirani yake ambaye chini ya boneti lake kunanuka maji yaliyochemka kwamba amepata gari imara kwa sababu ni Toyota, unamuua.

Na hiyo 1HZ inayosujudiwa? Ni injini nzuri, sibishi: silinda sita, lita 4.2, haina turbo, haina kompyuta. Lakini ina mkanda wa timing, na mkanda ni mpira. Unatakiwa kubadilishwa kwa kilomita, laki moja hivi, na pale kilomita zisipojulikana, kwa tarehe. Ukikatika safarini, valvu zinagongana na pistoni, na injini "isiyokufa" inazimika mara moja kando ya barabara. Waulize watu kumi wenye 1HZ mkanda wao ulibadilishwa lini. Wengi watakutazama kana kwamba umewatukana.

Ndugu yake, 1HD-T yenye turbo, ina funzo kubwa zaidi. Zile za mwanzo mwanzo mwa miaka ya 1990 zilijulikana kwa beringi za koniroda zinazolika kabla ya wakati. Waliojua walishusha sampu, wakaweka beringi mpya, na injini zao zikaendelea kwa miaka. Wasiojua walisikia mgongano mdogo wa chuma, wakaongeza sauti ya redio. Modeli moja, mwaka mmoja, kiwanda kimoja. Tofauti ni kazi ya siku moja ambayo imefanyika au haijafanyika. Karatasi ya kuisifu modeli haitakuambia lolote juu ya siku hiyo.

Hapo ndipo ninapogombana na kauli pendwa ya madalali: "Injini haijafunguliwa, bosi." Watu wanaisikia kama sifa. Katika dizeli la miaka ishirini na tano, kauli hiyo inapaswa kukutia hofu. Ina maana beringi ni zile zile, gasketi ni ile ile, nozeli hazijapelekwa kupimwa, na pengine hata mkanda ni ule uliovuka nalo bahari. Mimi namtaka mwenye gari aliyeifungua injini kwa fundi anayejulikana, mwenye risiti ya gasketi na stakabadhi ya fundi pampu. Huyo amelipa deni ambalo yule wa "haijafunguliwa" anakuachia wewe.

Kauli nyingine ni ile ya namba: "Hili ni namba D, si namba B." Herufi ya kibao inasema gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Haisemi lilitengenezwa lini, wala lilifanya kazi gani kabla. Na jina la injini lenyewe huenda si la gari hilo. Injini za mtumba zinauzwa Gerezani, Dar es Salaam, kama zinavyouzwa Kirinyaga Road kule Nairobi, na magari mengi ya zamani yamebadilishwa moyo mara moja au mbili. Hakuna ubaya kama imefanywa vizuri na kadi imerekebishwa. Lakini nimeshuhudia watu wakilipa bei ya modeli fulani bila kuinama na tochi kulinganisha namba ya injini na iliyoandikwa kwenye kadi. Kijiweni wanakariri namba ya modeli. Namba iliyogongwa kwenye chuma mbele ya macho yao hawaisomi.

Nami nimelipia imani hii. Miaka tisa iliyopita nilinunua gari ambalo kila mtu alinipongeza. Modeli yake siitaji, kwa sababu modeli haikuwa na kosa. Muuzaji alikuja nalo nyumbani likiwa limeshapata moto, nikalizungusha mtaa mmoja, nikasikia injini imetulia, nikahesabu fedha. Wiki ya tatu tulikuwa njiani kwenda Iringa na familia. Tumepita Ruaha Mbuyuni, tumeanza kuupanda Kitonga, mshale wa joto ukainuka. Nikazima kiyoyozi. Ukazidi. Kabla sijapata pa kuegesha, mvuke ulikuwa unatoka chini ya boneti na mwanangu wa mwisho analia. Mzee fundi aliyelifungua Iringa alikata rejeta akanionyesha: vijia vimejaa matope mekundu ya kutu, hata pumzi haipiti. Hedi ilikuwa na ufa kati ya valvu. "Mwanangu," aliniambia, "gari hili limeanza kufa kabla hujalijua." Fedha niliyoacha pale ilikuwa ada ya shule. Bado inaniuma, na sitaki imuume mwingine.

Nakubali jambo moja. Modeli ina maana unapofikiria unaishi wapi. Ukiwa Mpanda au Loliondo, injini isiyo na kompyuta, ambayo fundi wa kijiji ameshaifungua mara hamsini, ina thamani zaidi kuliko dizeli la kisasa la 1KD lenye kusukuma mafuta kwa mgandamizo wa zaidi ya baa 1,300 na nozeli ambazo kuzipima tu kunataka mashine ya mjini. Hilo ni la kufikiriwa, na lifikiriwe mapema, kwa dakika tano. Baada ya hapo jioni yote iliyobaki iwe ya gari lenyewe.

Nenda alfajiri. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya vuguvugu, amekudanganya tayari, na ni heri umejua mapema. Dizeli halina plagi ya cheche. Linawaka kwa sababu hewa imebanwa kwenye silinda, katika nyingi za injini hizi za zamani zaidi ya mara 20, mpaka ikapata joto la kuwasha mafuta. Kwa hiyo injini iliyochoka kubana inajisaliti ikiwa baridi: inazunguka sana, inakohoa, inatoa moshi mweupe unaochoma macho. Ikishapata moto hata mkweche unapiga selfu mara moja na kutulia. Ukishaliwasha, shika mpira mkubwa wa rejeta. Ukiwa mgumu kama fimbo ndani ya dakika moja na injini bado ya baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, na unajua hedi au gasketi imeshaondoka. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: mvuke mdogo ni kawaida, lakini ikipuliza kama birika la chai linalochemka, pistoni na ringi zimelika. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito unapokanyaga ni mafuta mengi kuliko hewa, na huenda ni chujio tu. Kisha litafute mlima. Kama mtaa wenu hauna mlima, nenda mpaka ulipo, ukiwa na kiyoyozi kinawaka na watu wanne ndani, ukitazama mshale.

Muuzaji akikataa lolote kati ya hayo, ondoka, hata kama ni shangingi lililokuwa la balozi.

Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu Morogoro. Tulikuwa na magari mawili ya kutazama siku hiyo. La kwanza lilikuwa la ile modeli inayotajwa kwa heshima. Bei yake ilikuwa imepanda kwa jina, boneti lilikuwa limeoshwa kwa mafuta ya taa likang'aa, na injini ilikuwa ya moto saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Muuzaji alisema alikuwa amelipeleka kuoshwa. La pili lilikuwa Nissan Terrano yenye TD27, gari ambalo vijana wa kijiweni wangelicheka. Injini yake ni ya lita 2.7, timing yake inaendeshwa kwa gia, haina mkanda wa kukatika. Mwenyewe, mstaafu wa idara ya maji, alitoka ndani na daftari la shule lenye jalada la bluu. Kila oili imeandikwa, tarehe na kilomita. Rejeta imefunguliwa na kusafishwa mara mbili. Hedi imekaguliwa, gasketi mpya, jina la fundi na namba yake ya simu pembeni. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika nozeli ya tatu inaanza kudondosha mafuta, itapimwa.

Binamu alinitazama. "Lakini kaka, hii ni Terrano," alisema.

Nilimkabidhi daftari, nikamwambia asome ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kisha aje tuongee bei. Alikaa kwenye jiwe la ua akasoma karibu nusu saa. Yule mzee alituletea chai.