MZAZI NA MTOTO: Mfalme wa miaka 5 na ndugu zake

Mwezi huu tunawaletea kisa cha zamani cha Aragón, nchi ambayo leo ni sehemu ya Hispania. Ni kisa cha mfalme, lakini wengi mtaona kama cha nyumba ya jirani.

Jaime alizaliwa mwaka 1208. Alipofika miaka 3, baba yake, Mfalme Pedro, alimpeleka alelewe na Simon de Montfort, mkuu wa vita kutoka Ufaransa, ili baadaye amwoe binti yake. Walitafuta amani, lakini amani haikukaa. Tarehe 12 Septemba 1213, huko Muret, jeshi la Simon lilimuua Pedro. Mama yake Jaime, Maria, alikwisha kufariki Roma mwezi wa Aprili mwaka huohuo. Basi fikirini: mtoto wa miaka 5, hana baba hana mama, analala nyumbani kwa mtu aliyemuulia baba. Na ndiye mfalme!

Watu wake wakamlilia Papa Innocent III, na mwaka 1214 Simon akamrudisha. Wakubwa wa nchi wakakusanyika Lleida, wakamwapia utii, naye amepakatwa na askofu mkuu.

Hapo ugomvi ukawaka. Sancho, ndugu wa babu yake, alikuwa na kundi lake. Fernando, baba yake mdogo, naye alikuwa na lake. Kila mmoja alikitamani kiti. Ikaamuliwa hivi: Sancho ashike serikali, lakini mtoto akae ngome ya Monzón, kwa Watempla, watawa wapiganaji, chini ya mkuu wao Guillem de Mont-rodon. Yaani aliyeshika mali hakupewa mtoto.

Maisha hayakuwa laini. Ukubwani Jaime alisimulia kwamba siku alipoingia Monzón hapakuwa na chakula hata cha siku moja, maana mapato ya baba yake yaliwekwa rehani. Watempla wakaanza kuyakomboa kidogo kidogo.

Mwaka 1217, akiwa na miaka 9, akatoka. Sancho alitishia kumwaga damu njiani, hata mtoto akavalishwa vazi la chuma la kuazima. Vita havikutokea. Mwaka 1218 Sancho akaachia madaraka. Fernando aliendelea na fitina, wakapatana mwaka 1227. Jaime alitawala mpaka alipofariki mwaka 1276.

Wazazi, tunasema damu ni nzito kuliko maji, na ni kweli. Hapa kambini ndugu wengi wanalea yatima kwa moyo safi, na chakula chenyewe hakitoshi. Lakini tunajua pia maneno yanayoanzia kwenye kadi ya mgao, au kwenye shamba la marehemu lililobaki nyumbani. Mtoto anavutwa huku na huku, kumbe kinachovutwa ni kile alichoachiwa.

Kwa hiyo tunashauri: ukoo ukae, na jirani wawili watatu wawepo. Isemwe wazi nani anamlea mtoto, na nani anatunza vitu vyake. Viandikwe, hata kwenye daftari la shule. Na mtoto mwenyewe aambiwe kilicho chake, ili akikua asije kukidai kwa ugomvi.

Nyumbani kwenu mnafanyaje? Tuandikieni. Tukutane mwezi ujao.