Bati Peke Yake Halitoshi



Baridi ya Julai hapa Magamba unaijua. Ukungu unashuka kutoka msituni jioni mapema, na usiku watu wanalala wamekunja magoti. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kipupwe joto huweza kushuka hadi nyuzi 10, na hata chini yake.

Sasa tazama nyumba tunazojenga. Kuta ni za tofali. Mlango ni wa mbao nzuri. Bati linang'aa, na mpita njia anasifu. Lakini ingia ndani utazame juu. Unaona nini? Unaona bati lenyewe na misumari yake. Dari hakuna.

Mimi nasema mwenye nyumba hiyo hajamaliza kujenga. Afadhali rangi ya ukuta ingoje. Afadhali makochi yangoje. Dari ije kwanza, hasa katika chumba wanacholala watoto na wazee.

Wengine wanasema dari ni urembo wa watu wenye fedha. Si kweli. Dari ina kazi, kama mfuniko wa sufuria una kazi. Mama akiivisha maharage hafuniki sufuria kwa urembo. Anafunika ili joto lisipotee na kuni zisiishe bure. Nyumba nayo ni hivyo hivyo. Hewa yenye joto hupanda juu. Joto la miili yenu na la taa, hata joto ambalo kuta zimelipata mchana, lote hupanda. Likifika kwenye bati linatoka nje, kwa sababu bati ni chuma chembamba na chuma hupitisha joto upesi.

Jaribu mwenyewe. Amka alfajiri, shika kitasa cha chuma cha mlango, kisha shika ubao wa mlango huo huo. Vyote viwili vimelala chumba kimoja, lakini chuma kinauma mkono na ubao hauumi. Chuma kinanyang'anya mkono wako joto. Bati juu ya kitanda chako linafanya kazi hiyo usiku kucha. Usiku usio na mawingu ni mbaya zaidi. Hapo bati hutoa joto lake kuelekea angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Pumzi ya waliolala ikigusa bati hilo hugeuka maji. Ndiyo maana asubuhi matone yanaangukia blanketi, na mwenye nyumba anamlaumu fundi kwamba paa linavuja, kumbe mvua haikunyesha.

Joto huzuiwa na hewa iliyotulia. Kuku anajua jambo hili: akiona baridi anatutumua manyoya yake ili hewa ikae katikati. Chupa ya chai nayo imetengenezwa kwa kuta mbili. Dari inaipa nyumba yako ukuta wa pili huko juu. Ukiongeza juu ya dari kitu chepesi chenye hewa ndani yake, kama maranda makavu, joto linapata shida zaidi kutoka.

Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa. Paa la nyasi nene lilikuwa limejaa hewa. Tena nyumba nyingi zilikuwa na dari ya miti, na mahindi yalikaa juu yake. Bati lilipokuja tuliondoa nyasi, na dari tukaiondoa pamoja nazo. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alitoa tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha. Humo aliwalaumu watu wanaoona kwamba bila bati na saruji hakuna nyumba. Alisema paa la bati si kitu mbele ya paa la vigae. Kwa habari ya joto na baridi alisema kweli. Hata hivyo sikuambii ung'oe bati lako. Bati linazuia mvua vizuri, haliwaki moto kama nyasi, na maji yake unaweza kuyakinga. Nakuambia tu kwamba linahitaji mwenzake.

Una ndugu Mombo? Kule chini ya mlima wanalia na joto, sisi huku tunalia na baridi. Dawa ni ile ile. Jua la saa nane linachoma bati, na bati linamwaga joto kichwani mwa aliye ndani. Dari inalizuia lisishuke. Huko Tanga na Dar es Salaam mtu ananunua feni, mwingine ananunua mashine ya kupoza hewa, kisha umeme wa LUKU unakwisha kabla ya mwezi. Angeanza na dari, feni ingefanya kazi ndogo. Sisi fedha zetu zinaondoka kwa njia ya kuni na mkaa.

Na hapa kuna jambo zito kuliko fedha. Msitu wa Magamba sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, na chemchemi zetu zinautegemea. Kila mzigo wa kuni tunaouchoma ili kulipasha moto bati ni mzigo wa bure. Tena wako watu ambao, baridi ikizidi, huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango na dirisha. Ndugu yangu, usifanye hivyo hata usiku mmoja! Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Haina harufu wala rangi. Aliyelala haamki akaikimbia. Anazidi kulala, na anaweza kufa. Jiko lisiloonyesha moshi bado lina sumu hiyo. Ukiweka dari na kuziba matundu, hatari ya jiko hilo inazidi, kwa sababu sumu haina pa kutokea. Basi chagua: dari na mablanketi ndani, jiko nje. Na kule jikoni penye mafiga usiweke dari ya kufunga moshi. Acha moshi upate njia.

Dari ya namna gani? Mwenye uwezo atanunua bodi za dari au mbao nyembamba. Asiye na uwezo atumie fito zilizonyooka, azipange karibu karibu juu ya boriti, kisha azikandike kwa udongo. Wengi hutandika viroba vilivyoshonwa pamoja. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini viroba vinashika moto upesi, kwa hiyo koroboi na mshumaa vikae mbali. Mimi napenda fito na udongo, hata kama vijana watanicheka.

Maranda unaweza kuyapata kwa wapasuaji wa mbao. Huko Shume kuna shamba la miti na kazi hiyo ni ya kila siku. Yaanike juani mpaka yakauke sawasawa, uchanganye na chokaa kidogo kuzuia wadudu, ndipo uyatandaze kiasi cha inchi 4. Hakikisha boriti zina nguvu, kwani bodi nyembamba haitabeba mzigo huo. Yasiguse waya za umeme. Yasilowe pia: maranda yaliyolowa hayazuii baridi, tena yanaozesha mbao. Kwa hiyo ziba kwanza matundu ya bati. Kati ya bati na dari acha nafasi ndogo chini ya upenu, hewa ipite ikaushe unyevu, na uweke wavu.

Wavu ni kwa ajili ya panya. Najua utauliza habari zao, maana kila nikitaja dari mtu anataja panya. Panya hufuata chakula. Usipoweka mahindi huko juu, na ukiziba njia zao kwa wavu, hawatapata sababu kubwa ya kuhamia.

Usikubali kuambiwa lazima ufanye nyumba nzima kwa mara moja. Anza na chumba kimoja. Chukua futi kamba upime urefu na upana, kisha uzidishe. Chumba cha futi 10 kwa futi 10 ni futi za mraba 100. Bodi ya futi 4 kwa futi 8 ni futi za mraba 32. Bodi 3 ni futi 96, hazitoshi. Nunua 4. Kipande kitakachobaki utafunikia tundu la kupandia juu. Andika hesabu hiyo katika daftari lako kabla ya kwenda dukani au kwa fundi. Atakayekutajia bodi 6 kwa chumba hicho mwonyeshe daftari, akueleze mbili za ziada ni za kazi gani.