Tusiwavike Watafiti Chipukizi Kilemba cha Ukoka

Neno kilemba lina maana zaidi ya ile ya kitambaa kizungushwacho kichwani. Katika ufundi wa jadi wa pwani yetu, kilemba ni tunu ambayo mwanagenzi humpa fundi wake anapohitimu, ishara kwamba sasa ameruhusiwa kusimama peke yake na kuwafunza wengine. Lakini lugha hii hii, kwa kejeli yake ya kawaida, inatupa pia kilemba cha ukoka, yaani sifa tupu anazovikwa mtu ili atulie. Nakusudia kudai katika makala haya kwamba watafiti wetu chipukizi wa baiolojia ya molekuli, hasa wale ambao ndio kwanza wamekabidhiwa maabara zao wenyewe, wanavikwa kilemba cha aina hii ya pili.

Labda msomaji atauliza: mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana nini na maabara? Swali ni halali. Dada yangu mkubwa alisomea uzamifu ughaibuni, akafanya utafiti wa baada ya uzamifu miaka minne, kisha akarudi nyumbani kuchunguza protini ambazo kimelea cha malaria hutumia kujipenyeza katika chembe nyekundu za damu. Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kilimpa barua nzuri yenye muhuri, chumba kilichokuwa stoo ya viti, na kozi nne za kufundisha katika muhula wa kwanza. Mimi niliingia katika hadithi hii kwa mlango wa nyuma. Alihitaji mtu wa kumtafsiria fomu ya ridhaa, ile ambayo mshiriki husomewa kabla ya kutolewa damu, na hakuwa na senti ya kumlipa mfasiri.

Kazi ile ilinifunza mengi kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Kutafuta jina la urithi ubebwao na chembe hai kulitupeleka siku tatu: tukabishana kati ya jeni, vinasaba na chembe za urithi, tukijua kwamba mama atakayesomewa hana haja na ubishi wetu bali anataka kujua damu ya mwanawe itafanywa nini. Hata hivyo, kilichotukwamisha zaidi ni cheo cha dada yangu mwenyewe. Katika sayansi hiyo mtu wa daraja lake huitwa kiongozi wa kundi. Nikiliandika hivyo, mzazi kijijini atawafikiria vijana wenye marungu. Nikiandika mtafiti mkuu, atatarajia mzee mwenye mvi, ilhali huyu ana miaka thelathini na sita na anaazima friza kwa majirani. Mwishowe tuliandika mkuu wa maabara, naye akacheka kwamba maabara yenyewe bado haijapata mlango unaofungika.

Waama, ugumu wa jina hilo unatokana na ugumu wa daraja lenyewe. Mtu husoma miaka kumi na zaidi akifunzwa kutumia mikono yake: kupima, kukuza vimelea, kusoma mfuatano wa jeni, kuandika matokeo. Siku anapopewa kundi lake, mikono hiyo huanza kuachwa pembeni. Sasa anatakiwa kuajiri, kuandaa bajeti, kuomba ruzuku, kusuluhisha ugomvi wa wanafunzi wawili wanaogombania mashine moja, na kuamua ni swali gani la utafiti litupwe ili jingine liishi. Hakuna aliyemfunza hayo. Huko alikotoka alikuwa na msimamizi wa kumkimbilia. Hapa yeye ndiye anayekimbiliwa. Isitoshe, saa ya kuhukumiwa huanza kuhesabika mara moja, kwani wafadhili hutaka matokeo ndani ya miaka mitatu au mitano, na miaka hiyo haingoji stoo ya viti igeuke maabara.

Wenzetu wa Ulaya waliliona pengo hili zamani. Shirika la Ulaya la Baiolojia ya Molekuli, lililoundwa mwaka 1964 na lenye makao yake mjini Heidelberg, Ujerumani, lilianzisha mwaka 2000 mpango mahususi wa kuwasaidia wakuu wapya wa maabara. Anayechaguliwa huwemo kwa miaka minne. Fedha anazotunukiwa ni euro 15,000, kiasi ambacho katika sayansi ya aina hii hakigharimii hata mshahara wa msaidizi mmoja kwa mwaka. Nilipoambiwa hivyo nilidhani nimesikia vibaya. Dada yangu alinieleza kwamba thamani ya mpango haimo katika fedha. Mchaguliwa hupewa mafunzo ya kuongoza watu maabarani, hukutanishwa na wenzake wa daraja lake ambao anaweza kuwaungamia kwamba mambo yamemshinda, hupata mlezi miongoni mwa wanasayansi wakongwe, na hufunguliwa milango ya mitambo ya gharama kubwa ambayo maabara changa haiwezi kuinunua. Hata wanafunzi wake hualikwa kukutana na wenzao. Aidha, mtafiti aliyepata mtoto huongezewa muda wa kuomba nafasi hiyo, jambo ambalo kwa mwanamke wa umri wa dada yangu si dogo.

Kenya si miongoni mwa nchi zinazoligharimia shirika hilo, kwa hiyo dada yangu hawezi kuomba. Wala silaumu, kila mtu hulisha kwanza wanawe. Ninachosema ni kwamba hakuna kitu katika orodha ile, ukiondoa mitambo, ambacho nchi yetu haiwezi kukifanya kwa gharama ndogo. Kuwakutanisha wakuu ishirini wapya wa maabara mara mbili kwa mwaka, pale Kilifi au Kisumu, kunahitaji chakula, malazi na mtu mmoja mwenye bidii.

Hapa bara Afrika juhudi zimekuwapo. Mpango wa DELTAS ulioanza mwaka 2015, na ambao leo unaendeshwa na wakfu wa sayansi wenye makao Nairobi, umewalea watafiti wengi. Ushirika wa FLAIR, uliobuniwa na Chuo cha Sayansi cha Afrika pamoja na Royal Society ya Uingereza, uliwapa watafiti chipukizi hadi pauni 150,000 kwa mwaka kwa miaka miwili. Hizo ndizo fedha za kufungulia maabara! Lakini tazama chanzo chake. Mwaka 2021 Uingereza ilipopunguza misaada yake ya nje kutoka asilimia 0.7 hadi 0.5 ya pato lake, hazina iliyokuwa ikiulisha mpango huo ilikatwa vibaya. Mwaka 2025 Marekani nayo ikalifunga shirika lake la misaada, na miradi mingi ya afya ikaanguka nalo. Mwanasayansi anayetegemea bunge la nchi nyingine hulala akisikiliza redio ya huko.

Na sisi je? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuagiza itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Sheria hiyo imetimiza zaidi ya miaka kumi na bado haijatimizwa. Katika hotuba za mahafali, hata hivyo, hutasikia chuo kisichojigamba kuhusu vijana wake waliorudi na shahada za uzamifu. Hicho ndicho kilemba cha ukoka ninachokisema.

Nirudi kwa dada yangu, kwa sababu takwimu hazionyeshi uchungu. Mwaka jana aliagiza vimeng'enya kutoka ng'ambo kwa ruzuku ndogo aliyoipata baada ya kukataliwa mara tano. Vimeng'enya husafirishwa ndani ya barafu kavu, na barafu hiyo haiyeyuki kuwa maji. Hugeuka hewa na kutoweka, na ikishatoweka shehena huharibika. Sanduku lilikaa forodhani siku kumi na moja likingoja karatasi moja ya msamaha wa kodi. Alikwenda mwenyewe kila siku kati ya kipindi na kipindi. Alipolipata lilikuwa na uvuguvugu wa chumba. Alilibeba hadi nyumbani kwangu, akaliweka mezani, akaomba chai. Hakulia. Aliniuliza tu kama kuna neno la Kiswahili la kuanza upya pasipo kuwa na pa kuanzia. Sikuwa nalo, na mpaka leo sijalipata.

Najua wapo watakaosema kwamba sisi wa idara za lugha ndio wa kuhurumiwa, kwamba sayansi ni mwana kipenzi na sisi ni wa kambo. Sikubaliani nao. Mhadhiri mpya wa fasihi anayepewa madarasa manne yenye wanafunzi mia tatu kila moja, bila mlezi na bila saa ya kuandika, yumo katika stoo ile ile ya viti. Tofauti ni kwamba vitabu havihitaji barafu. Tukimtetea mwanabaiolojia apewe muda na ulezi, tutakuwa tunaitetea kanuni itakayomfaa pia mwenzetu anayehariri tendi za kale.

Fauka ya hayo, kuna kazi ambayo ni yetu na hakuna mwingine wa kuifanya. Fomu za ridhaa hutafsiriwa kila siku nchini, aghalabu na watu waliokamatwa njiani, na kila mmoja hujitungia istilahi zake. Chama chetu kina wanafunzi wa tafsiri ambao hutafuta matini ya kufanyia mazoezi na kuishia kutafsiri matangazo ya sabuni. Kwa nini tusiwaambatanishe na maabara changa, mwanafunzi mmoja kwa maabara moja, chini ya usimamizi wa mhadhiri? Mtafiti atapata fomu inayoeleweka, mwanafunzi atapata matini yenye uzito.

Kwa wahadhiri wetu mnaoketi katika seneti nina ombi moja pia: pigeni kura ili kila mhadhiri mpya anayeanzisha utafiti, wa sayansi au wa lugha, afundishe nusu ya mzigo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Jambo hili halihitaji mfadhili wala sheria mpya. Barua ya dada yangu ya kuomba apunguziwe kozi moja tu imekuwa mezani kwa mkubwa wake tangu Januari.