Ukienda Hell's Gate, usitazame mawingu ya juu yako pekee

Likizo inapokaribia, kila mzazi wa mjini huulizwa swali lile lile: "Baba, mara hii tutaenda wapi?" Mombasa ni mbali na nauli ya watu watano si mchezo. Maasai Mara nako kwahitaji gari la kukodi. Ndiposa familia nyingi za Nairobi na Nakuru, pamoja na vyama vya wanafunzi wa vyuo, huishia kuchagua Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na mji wa Naivasha. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na hata asiye na gari aweza kufika kwa matatu.

Mbuga hii ilitangazwa rasmi mwaka wa 1984. Si kubwa, kwani eneo lake ni kilomita 68 hivi za mraba. Sifa yake kuu ni kwamba mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Baiskeli hukodishwa karibu na lango la Elsa. Kagua breki na magurudumu kabla ya kulipa, maana kupata pancha kwenye jua la saa saba ni adhabu.

Ukishaingia, utapita kati ya magenge marefu mekundu. Upande mmoja utauona mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower, jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika sehemu hii mwaka wa 1883. Pimbi huota jua kwenye mwamba huo. Mbele kidogo kuna punda milia, ngiri, kongoni, swala na twiga. Nyati nao wapo, nao si wa kusogelewa kwa ajili ya picha. Upande wa Olkaria, mvuke hufuka kutoka ardhini. Hiyo ndiyo kawi ambayo imekuwa ikizalisha umeme tangu mwaka wa 1981, na mwanafunzi wa jiografia atajifunza mengi hapo kwa kutazama tu.

Mahali pa kulala

Anayetaka kulala ndani ya mbuga aweza kupiga hema katika kambi za Naiburta, Ol Dubai au Endachata. Hapo usitarajie hoteli. Beba maji ya kutosha, chakula, tochi na blanketi nzito, kwa sababu Naivasha iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na baridi ya alfajiri hupenya hadi mifupani. Chakula usikiache nje, la sivyo nyani watakuwa wageni wako wa kwanza.

Wenye watoto wadogo huona afadhali kulala nje ya mbuga, kando ya Ziwa Naivasha, ambako kuna kambi, vibanda na hoteli za kila kiwango. Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kuuliza kabla ya kulipa. Kwanza, je, pana ua wa kuzuia viboko? Wanyama hawa hutoka majini usiku kula nyasi, na kiboko aliyekatwa njia ya kurudi ziwani huua. Mtoto asitumwe choo cha nje peke yake gizani. Pili, ziwa limefika wapi? Tangu mwaka wa 2020 maji yalipanda na kufunika baadhi ya makazi na ardhi ya ufuoni. Pahali palipokuwa pakavu rafiki yako alipolala hapo zamani, huenda leo ni kinamasi.

Korongo la Ol Njorowa

Kivutio kinachozungumzwa sana ni korongo la Ol Njorowa. Hapo kale, ziwa lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, maji yake yalipata njia ya kutokea kusini na kuuchimba mwamba huu laini wa volkeno. Kuta zake zimejipinda na kulainika kama zilizopigwa randa, na mahali pengine ni nyembamba kiasi kwamba mtu hugusa pande zote mbili kwa mikono. Kuna chemchemi za maji moto pia, mengine ya kuunguza ngozi.

Lakini msomaji, maji yaliyolichonga korongo hilo bado hupita humo. Mnamo Aprili 2012, vijana wa kanisa moja la Nairobi waliokuwa katika matembezi walinaswa na mafuriko ya ghafla humo, na saba wakafariki. Septemba 2019, kundi jingine likapatwa na mkasa kama huo, na watu saba wakapoteza maisha, akiwemo mwelekezi wao aliyeijua njia.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika korongo hili methali hiyo yaweza kumponza mtu. Mvua hunyesha kwenye vilima vya mbali, maji yakateremka kwa kasi kwenye miteremko mikali na kukusanyika katika njia hii moja nyembamba. Wewe uliye chini waona kipande kidogo tu cha mbingu, nacho ni cha buluu. Wala usijitulize kwamba msimu wa masika umekwisha, kwani mkasa wa pili ulitokea Septemba.

Baada ya mkasa huo wa 2019, korongo lilifungwa. Kwa hivyo kabla ya kuwaahidi watoto kwamba watateremka humo, wasiliana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) uulize ni sehemu zipi ziko wazi siku hiyo. Mkiruhusiwa, ingieni asubuhi pamoja na mwelekezi. Mwulize mambo matatu: mvua imenyesha wapi jana na leo, njia za kupandia juu ziko wapi, na mtachukua muda gani kufikia iliyo karibu. Mkiona maji yakibadilika rangi kuwa ya tope, yakileta vijiti, au mkisikia mngurumo, pandeni juu papo hapo. Msikimbie kuyafuata maji yanakokwenda, kwa maana yatawapita. Simu na viatu viacheni.

Mwelekezi akisema leo hatuingii, hilo ni neno la mwisho. Hapa ndipo wengi hukosea: nauli imelipwa, basi limekodiwa, wanafunzi wamesubiri muhula mzima, na kiongozi wa msafara huona haya kuwaambia wenzake warudi. Afadhali aone haya. Mzazi naye, anapotia sahihi barua ya ruhusa, ana haki ya kumwuliza mwalimu: "Mvua ikinyesha, mtafanya nini badala yake?" Jibu liwepo kabla ya siku ya safari.

Na jibu si gumu. Baiskeli, magenge, twiga na mvuke wa Olkaria vyatosha kuijaza siku nzima bila mtu kukanyaga korongoni. Korongo limekuwepo kwa maelfu ya miaka, na likizo ijayo mtalikuta pale pale.